Kengele Haihitaji Bando

Watu wangu, kuna kitu kimenikaa kwa roho tangu nitoke Mombasa.

Nilikuwa kwa matatu ya Nyali, makanga akaanza kupiga kelele, "Kengeleni! Wa Kengeleni!" Mimi wa bara nikauliza, kwani kuna kengele? Akacheka, akanielekeza kwa kidole. Kweli iko, kando ya barabara, imening'inia kwa mnara wake mdogo, na magari yanapita tu kama haipo.

Kesho yake nikarudi kwa miguu. Hapo ni Frere Town, kijiji ambacho wamisionari wa CMS walianzisha mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Wenyeji husimulia kwamba kengele hiyo ilipigwa wakati majahazi ya wafanyabiashara wa watumwa yameonekana, watu wajifiche. Hebu jiweke hapo. Umekuwa huru juzi tu, unalala sikio moja likiwa macho.

Nikakumbuka kwetu. Mimi naishi Kitale, na Kitale palikuwa njia ya misafara ya watumwa. Pale Kitale Club kuna duara la mawe, na wazee husema watumwa walifungiwa humo kabla ya safari ya pwani. Sijawahi kusikia mtu akitaja kengele ya Kitale.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni cha Bungoma, nyumbani.

Mwaka jana vibanda karibu na ploti yetu vilishika moto, kama saa nane usiku. Mtu alituma ujumbe kwa grupu ya WhatsApp: "Moto jameni amkeni." Vizuri sana, ila nani ako na bando saa nane usiku? Mimi nilikuwa nayo. Nikaona, nikatoka mbio na simu mkononi. Si ndoo, ni simu. Nilikuwa narekodi.

Aliyeamsha mtaa ni mzee mmoja fundi wa baiskeli. Alikuwa na rimu ya lori imening'inizwa mtini, kama ile ya kengele ya shule ya msingi, unajua ile. Akaigonga na spana hadi watu wakatoka na shuka. Hakuuliza nani yuko onlaini. Kabla zimamoto ifike, watu walikuwa washabomoa vibanda viwili ili moto usivuke. Hakuna aliyekufa.

Ila mama wa mitumba, jirani ya kukhu wangu, alipoteza bale zake zote. Alikuwa anazilalia ndani, simu imezima chaji. Aliamshwa na ile rimu, akatoka na mtoto mgongoni na hakuna kingine.

Mlango wake nilikuwa nimeupita mara mbili. Kwa video unaonekana vizuri, umefungwa, na moshi unatoka chini yake. Nilisogea karibu ili upatikane vizuri. Sikubisha hodi.

Hiyo video ndiyo iliyotazamwa zaidi ya zote nilizowahi kuweka. Mkaandika "uko na moyo bro," nikawajibu na emoji.

Nimeifuta juzi, baada ya Mombasa. Lakini yeye alikuwa ashaiona zamani, mtoto wake wa kwanza alimwonyesha. Nilipopita kumsalimia krismasi, alinimiminia chai, akaniambia tu, "Ulinipigia mlango wangu picha nzuri, mwanangu."