Tulivyopunguza sukari nyumbani kwetu, na kosa tulilolifanya

Katika mkutano wa wiki iliyopita mmoja wetu aliuliza kama chai bila sukari bado ni chai. Wote wakacheka. Sisi hatukucheka sana, kwa sababu swali hilo lilitugombanisha nyumbani karibu mwaka mzima. Ndiyo maana tumeomba ukurasa huu tuwaelezee yaliyotupata. Huenda mama mwingine yuko njiani akielekea pale pale tulipojikwaa.

Sisi ni watoto wa Kiliba. Wengi wenu mnapafahamu, kaskazini ya Uvira, katika bonde la Ruzizi, mahali penye kiwanda cha sukari cha tangu wakati wa Wabelgiji. Baba yetu alikuwa mfanyakazi wa mashamba ya miwa. Wakati wa mavuno alirudi jioni nguo zikinuka moshi na maji ya miwa, nasi tulimkimbilia tukitafuta kipande cha muwa mkononi mwake. Sukari haikukosekana nyumbani. Mama aliitia ndani ya sufuria ya chai kwa kikombe, si kwa kijiko, na mgeni aliyeingia kwetu alikunywa chai nzito ya utamu mpaka midomo ikashikana. Ilikuwa sifa yake. Watu walisema, kwa mke wa fulani unakunywa chai ya kweli.

Mwaka 1996 vita vikaja na kiwanda kikasimama. Tulikimbia, tukarudi, baba akakaa bila kazi, na kwa miaka mingi uji wetu ulitiwa chumvi. Siku ambazo mama alipata faranga kidogo za kununua sukari, hata kama ni ya kufunika kiganja tu, aligawa kwa ncha ya kijiko, na sisi tuliulamba ule utamu polepole ili usiishe. Mama aliapa kwamba Mungu akimjalia, wajukuu wake hawatakunywa uji wa chumvi. Mungu alimjalia. Tulisoma, tukapata kazi ya ualimu, tukaolewa, na baba alipofariki mama akaja kukaa nasi mjini. Tangu siku ile sufuria ya chai ikawa yake, na kikombe cha sukari kikarudi kazini.

Miaka miwili iliyopita mama alianza kuamka usiku mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo. Alikunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, na huku akikonda. Kidonda kidogo mguuni, alichokipata kwa kukwaruzwa na kandambili, kilikaa wiki sita bila kupona. Kwenye kituo cha afya walimtoboa kidole, wakaangalia kimashine, wakatuambia ni ugonjwa wa sukari. Muuguzi alitueleza vizuri kwamba ugonjwa huu hauletwi na kijiko cha sukari peke yake. Kuna damu ya ukoo, umri, unene, na kukaa bila kutembea. Lakini mwili ukishashindwa kuitumia sukari, kila kijiko unachoongeza ni mzigo juu ya mtu aliyekwisha kuchoka. Akaongeza kwamba sisi watoto wake tuna hatari zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo haikuwa habari ya mama tu. Ilikuwa ya meza nzima.

Kwa kuwa sisi ni watu wa daftari, tulianza kwa kuandika. Nyumbani tuko watu saba: mama, baba watoto, sisi, na watoto wanne. Tuliandika kila sukari iliyonunuliwa butiki kwa wiki moja, tukapata kilo mbili. Gramu 2000 ukizigawa kwa watu saba na kwa siku saba, ni kama gramu 40 kwa kila mtu kila siku. Kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa kina gramu nne hivi. Basi ni vijiko kumi kwa siku, mpaka mtoto wa miaka mitano, kabla ya kuhesabu mandazi, biskuti, bombo na sukre za sikukuu. Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya mwaka 2015, linasema sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku, na ni bora ibaki chini ya nusu ya hapo. Kwa mtu mzima hiyo nusu ni karibu gramu 25, yaani vijiko sita. Tulipomwonyesha baba watoto hesabu hiyo, aliangalia kikombe chake, akakiweka chini.

Hapo ndipo tulipokosea. Badala ya kuongea na mama, tulimpokonya sufuria. Tulinunua kufuli dogo, tukaifungia sukari kabatini, na ufunguo tukautia katika mkoba wetu wa kazi. Asubuhi mama alipewa chai kavu, akainusa, akaisukuma. Alituuliza, «Mmesoma mpaka mkajifunza kuninyima sukari? Ninyi niliowalea kwa jasho la baba yenu?» Tulimjibu kwa maneno ya muuguzi. Maneno yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa jibu la swali lake.

Ilipita wiki ya tatu. Siku moja tulichelewa shuleni kwa sababu ya kikao cha wazazi. Mama alimeza vidonge vyake vya jioni akingoja ugali, na ugali ulikuwa bado kupikwa. Saa moja ya usiku akaanza kutetemeka. Jasho la baridi lilimtoka, akaongea maneno yasiyoeleweka, akamwita mjukuu wake kwa jina la kaka yetu aliyekufa. Binti yetu mkubwa alikumbuka tulichofundishwa kwenye kituo cha afya, kwamba dawa zinaweza kuishusha sukari ya damu kupita kiasi, na wakati huo sukari ndiyo dawa. Alikimbia kabatini, akakuta kufuli. Alilivuta, akalipiga kwa mchi, halikufunguka. Aliruka ua, akaenda kwa jirani, mama mmoja mjane ambaye mwenyewe hununua sukari ya kupimiwa kwa kijiko. Jirani alitoa yote aliyokuwa nayo. Walikoroga vijiko vinne katika nusu glasi ya maji, koko akanywa polepole, na baada ya robo saa akajua yuko wapi. Sisi tulifika na mkoba begani, ufunguo ndani yake.

Mama hakutugombeza. Aliomba ugali wake, akala, akalala. Tungependa angetugombeza.

Kesho yake tuliliondoa kufuli, tukaenda naye kwa muuguzi. Alitufundisha tena, na tunayaandika hapa kwa ajili ya kila nyumba yenye mgonjwa kama wetu. Anayemeza dawa za ugonjwa wa sukari asimeze halafu akakosa kula. Akitetemeka, akitoka jasho, akichanganyikiwa, apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji kidogo, kisha chakula. Lakini akiwa amezimia, asitiwe kitu mdomoni, apelekwe mbio hospitali. Wala mtu asipunguze au kuacha dawa kwa akili yake kwa sababu tu ameacha sukari.

Jioni ile tulikaa na mama uani, na kwa mara ya kwanza tulimuuliza badala ya kumwagiza. Akatuambia jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Kwake, mtu akikunywa chai kavu nyumbani mwake, vita vimerudi. Tukanyamaza. Kisha tukamwomba atusaidie kupunguza, yeye ndiye awe mwenye kijiko, kwa sababu ndiye aliyewahi kutugawia kwa ncha ya kijiko na hakuna mtoto aliyelia. Akacheka kidogo. Akasema, hiyo kazi anaijua.

Alianza na sufuria. Kwetu wengi tunatia sukari chai ikiwa bado jikoni, kisha tunaimimina katika termosi, na kila mtu analazimika kunywa utamu uleule. Mama alipika chai bila sukari, akatia tangawizi na mchaichai, akaweka bakuli la sukari mezani pamoja na kijiko kimoja kidogo. Wiki ya kwanza kila mtoto alipata vijiko viwili, wiki ya pili kimoja na nusu, baadaye kimoja. Ulimi hujifunza, lakini haupendi kushtuliwa. Uji wa watoto aliutia ndizi iliyoiva vizuri, iliyopondwa, na unga wa karanga. Asubuhi tatu kwa wiki viazi vitamu vya kuchemsha vilichukua nafasi ya mandazi, na faranga zilizobaki zilinunua ndagala. Juu ya asali tuliambiwa wazi kwamba ni sukari kama nyingine, na juisi ya kukamua vilevile. Embe zima ni afadhali kuliko glasi ya juisi, ingawa mgonjwa hula kwa kipimo.

Leo kilo moja inatufikisha siku tisa. Mama anakunywa chai yake ya tangawizi bila sukari, na akina baba wakimtania anawajibu kwamba yeye alikunywa sukari ya Kiliba, hizi nyingine hazimsumbui. Kidonda kilifunga. Ugonjwa haukuondoka, na dawa anaendelea kumeza. Hatutaki kumdanganya mtu.

Jambo moja tulilichukua mpaka darasani, kwa watoto wa mwaka wa tano. Hapa Uvira kolera tunaijua, na karibu kila mtoto anaweza kutaja seramu ya nyumbani: litre moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Tuliiweka litre hiyo juu ya meza. Pembeni tuliweka chupa ya sukre ya sentilita 33, tukawaambia wahesabu gramu zake, ambazo ni 35 hivi. Walipata karibu vijiko tisa, na chupa yenyewe ni theluthi moja tu ya litre. Darasa lilinyamaza. Kisha mtoto mmoja akasema, «Basi mwalimu, sukre inapita dawa mara nne!» Hesabu yake ilikuwa sawa. Tukawaongezea kwamba ndiyo maana mtoto anayeharisha hapewi sukre mahali pa seramu, maana utamu mwingi hivyo huvuta maji tumboni na kuzidisha kuharisha.

Imebaki habari ya wageni, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Tulikuwa na hofu kwamba watasema mishahara ya walimu imetushinda. Mama ndiye aliyetafuta njia. Mgeni akija, bakuli la sukari linawekwa mbele yake likiwa limejaa, na kifuniko kimeondolewa, ajitilie mwenyewe. Heshima iko katika bakuli lililo wazi. Wengi hujitilia kijiko kimoja, na wengine huuliza tangawizi tumeinunua wapi.

Akina mama, kabla ya mkutano wa Jumamosi andikeni kwa wiki moja sukari inayoingia nyumbani kwenu, mgawanye kwa watu na kwa siku. Tutasoma hesabu pamoja, bila kuchekana. Na yule jirani yetu mjane, tulimrudishia sukari yake siku ileile ya pili, kilo nzima. Aliipokea, akapima vijiko vinne, na iliyobaki akaturudishia.