Kabla ya Kuwanyamazisha Watoto

Morogoro

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amemweleza mjomba wako hali ya hapo Tabata: kazi yako ya kupokea simu za wateja imehamia nyumbani, msimamizi analalamika kwamba wateja wanasikia televisheni na vilio, nawe umeanza kuwafokea watoto tangu asubuhi. Watoto wa nyumba ya kupanga, wenye ua mmoja wa kuchezea, hawawezi kukaa kimya kutwa nzima, wala si haki kuwadai hivyo. Mjomba wako ni mwashi, na kwa jicho la mwashi utaratibu ni huu: anza na nyumba, fuatia vifaa vya kazi, watu waje mwisho.

Inua macho uangalie dari. Nyumba nyingi za matofali ya saruji hapo Dar es Salaam zina kuta za ndani zinazoishia usawa wa dari. Juu yake, chini ya bati, ni uwazi mmoja kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Ukuta wenyewe, ukiwa wa tofali la inchi sita na umepigwa plasta pande zote mbili, hauna kosa. Unaweza kupunguza sauti kwa desibeli zaidi ya 40. Lakini sauti ni kama maji, haihangaiki na ukuta ikiwa kuna upenyo. Inapanda kupitia ubao mwepesi wa dari, inatambaa juu ya ukuta, inateremka chumbani kwako. Ndiyo maana jirani wa chumba cha tatu anasikika anavyokohoa.

Hesabu ya matundu huwashangaza hata mafundi. Desibeli 10 zikipungua, nguvu ya sauti imebaki sehemu moja ya kumi, na sikio hulisikia badiliko hilo kama kupungua nusu. Sasa chukua mlango wa upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 2, wenye upenyo wa sentimita 2 chini yake. Upenyo huo ni asilimia moja ya eneo la mlango. Kwa tundu la kiasi hicho, mlango wote hata ungekuwa wa chuma kizito usingeweza kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi. Kipande cha mpira wa tyubu ya gari kilichopigiliwa misumari chini ya mlango, kikigusa sakafu, kitakusaidia kuliko kununua mlango mpya. Kama misumari itamuudhi mwenye nyumba, viringisha kanga kuukuu na kuibana hapo kila unapoingia kazini.

Madirisha yana shida yake, kwa sababu joto la Dar halitaki mzaha. Usifunge yote. Funga lile linaloelekea uani, acha la upande wa pili, washa feni. Mvumo wa feni usikutie wasiwasi, kwa sababu kelele hazifanani madhara.

Mwaka 1976 watafiti wawili, Colle na Welsh, waliwapa watu kazi ya kukumbuka herufi kwa mfuatano huku wakisomewa maneno ya lugha wasiyoielewa. Kumbukumbu zao ziliharibika. Tafiti zilizofuata zilithibitisha kwamba maneno ya watu huvuruga kazi ya namna hiyo kuliko mvumo usiobadilika. Kwa hiyo televisheni ya sebuleni ni adui mkubwa kuliko pampu ya maji ya jirani, hata kama pampu inanguruma zaidi. Iondoe televisheni kwenye ukuta unaopakana na meza yako kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Kisha ipunguze sauti. Daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti yake bila kujijua. Televisheni ikipaa, mama mkwe wako ataongea kwa nguvu, watoto watapiga kelele ili wasikike, na wewe utamfokea mteja. Ikishuka, wote wanashuka, na hakuna aliyekaripiwa.

Ndani ya chumba chenyewe kuna mwangwi. Sakafu ya saruji, kuta tupu: sauti inadunda tu. Mwaka 1895 chuo cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi wa mihadhara ambamo neno lilibaki hewani zaidi ya sekunde tano, hata wanafunzi wakashindwa kumwelewa mwalimu. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akapewa kazi ya kuurekebisha. Usiku, mji ukiwa umelala, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakaipanga humo, wakapima muda ambao sauti ilichukua kufifia, kisha wakairudisha kabla ya asubuhi. Kadiri mito ilivyoongezeka ndivyo mwangwi ulivyofupika. Elimu ya sauti za majengo ilianzia kwenye mito hiyo, na wewe unayo nyumbani. Simamisha godoro la akiba ukutani nyuma yako, tandika mkeka au zulia, tundika pazia zito. Trei za mayai ambazo vijana hugandika kwenye studio za muziki ziache. Zinafyonza kidogo sana na zinashika moto upesi. Tena elewa kwamba vitu laini vinakula mwangwi wa ndani tu. Havizuii sauti ya nje kuingia. Hiyo ni kazi ya ukuta mzito na matundu yaliyozibwa.

Sasa kifaa cha kazi. Mama yako anasema unatumia maikrofoni ya kompyuta yenyewe, iliyo karibu nusu mita kutoka mdomoni. Umbali ukipungua nusu, sauti yako huongezeka takriban desibeli 6 kwenye maikrofoni, huku kelele za chumbani zikibaki pale pale. Kutoka sentimita 48 hadi 3 unaupunguza nusu umbali huo mara nne, yaani desibeli kama 24 kwa faida yako. Vaa headseti ya kawaida yenye kijiti cha maikrofoni, ongea taratibu. Zile za bei kubwa zinazofuta kelele hufanya vizuri kwenye mvumo wa jenereta au feni, si sana kwenye maneno ya watu. Isitoshe, hutuliza masikio yako wewe, mteja hapati nafuu yoyote kwa hilo.

Ndipo tufike kwa watu. Wajenzi wa zamani wa Lamu na Mji Mkongwe waliweka baraza nje ya mlango, mgeni akapokelewa hapo na maongezi yasiingie ndani. Wageni wa shemeji yako nao wakae nje kwenye mkeka, chini ya mti, saa za simu zako.

Na watoto wenyewe wanahitaji utulivu huu. Mjini New York, mtafiti Arline Bronzaft alichunguza shule iliyopakana na reli, akachapisha matokeo mwaka 1975: watoto wa madarasa ya upande wa treni walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili. Reli ilipowekewa mpira na madarasa yakapata dari ya kufyonza sauti, tofauti hiyo ikatoweka. Basi saa yako yenye simu nyingi ifanye iwe saa yao ya kazi za shule, na saa yako ya mapumziko wapewe ua wote wacheze wanavyotaka. Kanga ikining'inia mlangoni, wajue uko na mteja. Ikitolewa, waingie wakukumbatie.

Kelele za baa, kama iko jirani, ni suala jingine. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo Tanzania tangu mwaka 2015, lakini mwendee mwenye baa kwanza kwa salamu, kisha mwenyekiti wa mtaa.

Mwisho, zungumza na mwenye nyumba kuhusu kupandisha ukuta unaopakana na meza yako hadi kwenye bati. Akikubali, pima urefu wa ukuta na kimo kutoka dari hadi bati, utume vipimo. Mjomba wako atapiga hesabu ya matofali na saruji.

Mjomba wako