Ukihamia Dar, usiitishe mtungi

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema, hata hivyo, kibaba chenyewe utakipata wapi ukiwa umevuka mpaka na kuacha nyuma kila ndoo, debe na mkebe uliokuwa nao.

Swali hilo huzikabili familia zinazotoka Nairobi, Nakuru au Kisumu kwenda kuishi Dar es Salaam kwa ajili ya kazi, masomo au ndoa. Wakati wa kufunga mizigo, vyombo vya kuhifadhia ndivyo huachwa kwanza. Havina uzito wa kutisha, lakini vinakula nafasi. Hata mifuko ya nailoni ya kubebea haiwezi kukusaidia njiani, kwani Kenya iliipiga marufuku Agosti 28, 2017, na Tanzania ikafuata Juni 1, 2019. Basi mama hugawia majirani ndoo zake na kusema, "Tutanunua kule kule."

Naam, vinauzwa kule. Lakini kabla hujatoa pesa, msomaji, jua mambo mawili: majina ya vyombo si yale uliyoyazoea, na hewa ya huko si ile uliyoiacha.

Mahali pa kuanzia ni Kariakoo. Mkazi wa Nairobi hawezi kulisahau jina hilo, maana ni ndugu wa Kariokor yetu. Yote mawili yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Soko kuu la Kariakoo, lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970, liliungua Julai 2021. Hata hivyo, Kariakoo si jengo moja. Ni mitaa mingi, kama vile Kongo, Msimbazi, Swahili na Sikukuu, ambako mabeseni, ndoo na makapu hupangwa hadi nje ya milango ya maduka.

Hapo ndipo Kiswahili chako kitakapopata mtihani.

"Nipe mtungi," utamwambia muuzaji.

"Karibu, dada yangu. Wa kilo sita au wa kumi na tano?"

Muuzaji hana kosa. Kwake yeye mtungi ni wa gesi, au ule wa udongo wa kupozea maji ya kunywa. Chombo cha plastiki cha lita 20 ambacho sisi hukiita mtungi, huko ni dumu. Mkebe ni kopo. Sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni ni tranka. Ukitaka ndoo yenye mfereji, sema ndoo ya koki, kwa kuwa mfereji huko ni ule mtaro wa maji machafu kando ya barabara. Na ukisikia mzee mwenye heshima zake akimtuma kijana akanunue jaba, usishtuke. Hatafuni miraa. Jaba ni pipa kubwa la plastiki la kuwekea maji.

Jambo jingine: "nipe" huwakwaruza masikio wenyeji. Sema "naomba", na ukimkuta aliyekuzidi umri, tanguliza "shikamoo". Utahudumiwa vizuri, na huenda hata bei ikalegea.

Ukishajua majina, jiulize: je, ninamkinga nani asiingie katika chombo hiki? Chombo huchaguliwa kwa adui yake, si kwa rangi yake.

Unga na unyevu

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake hukusaidia kuhifadhi chakula bila wewe kujua. Dar es Salaam iko ufuoni. Kuanzia Desemba hadi Machi joto hupita nyuzi 30, kisha masika huleta mvua na unyevu hadi Mei. Katika joto kama hilo, yai la fukusi lililojificha ndani ya punje huweza kuwa mdudu kamili kwa takriban mwezi mmoja.

Kwa hivyo ile desturi ya kununua bela zima la unga, pakiti 12 za kilo mbili, iache Nairobi. Dar utauziwa unga kwa kilo au kwa kiroba. Nunua wa wiki moja au mbili, uutie katika ndoo kavu yenye kifuniko kinachobana. Usimimine unga mpya juu ya wa zamani. Maliza ule wa kwanza, osha ndoo, ianike ikauke kabisa. Ukichagua dona, yaani unga usiokobolewa, nunua kidogo zaidi. Kiini cha mahindi kina mafuta, na mafuta hayo huchacha upesi kwenye joto.

Ukiletewa mahindi kutoka shamba, usiyafungie kabla ya kuyapima. Yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo katika chupa ya kioo iliyo kavu, funika, tikisa, kisha subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Yarudishe juani.

Hili si jambo la mzaha. Mwaka 2004, huko Ukambani, sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini iliwaua watu 125 waliokula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Tanzania nayo ilipata msiba wa namna hiyo mwaka 2016 katika sehemu za Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Chombo kinachobana huhifadhi kilicho kikavu. Ukikifungia unyevu, umefuga kuvu.

Maji na mbu

Dar huwezi kukaa bila akiba ya maji. Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua kwa ukame, jiji liliingia katika mgao wa maji. Ndiyo sababu karibu kila ua una jaba au tangi.

Lakini maji yaliyowekwa ovyo huleta maradhi. Kipindupindu kilipozuka Dar Agosti 2015, kila nyumba ilikumbushwa umuhimu wa maji safi na salama. Maji ya kunywa yachemshe, uyaweke katika ndoo ya koki yenye kifuniko, ili mtoto asichovye kikombe na mkono. Dumu nalo ni zuri kwa kuwa mdomo wake ni mwembamba na mkono hauingii.

Lile jaba la nje lina adui mwingine. Mbu wa homa ya dengi, mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana na hupenda kuzaa katika maji masafi yaliyotulia. Dengi iliitesa Dar mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mayai ya mbu huyu hunata ukutani mwa chombo na kustahimili ukavu kwa miezi, hivyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugua kuta za ndani kila wiki, kisha funika.

Na jihadhari na jaba lililokwisha kutumika. Bei yake huvutia, lakini huenda lilibeba kemikali za kiwandani, na plastiki hunywa kile ilichobeba. Kama muuzaji hawezi kukueleza lilikuwa na nini, lisitie maji ya kunywa wala chakula. Kanuni hiyo ihusu pia madumu ya mafuta ya gari.

Vinavyohitaji kupumua

Si kila kitu hupenda kufungiwa. Wali wa moto ukibanwa kwa kifuniko cha plastiki, jioni utakuta umechacha. Watu wa pwani walilijua hilo zamani wakasuka kawa, kifuniko cha ukili kinachozuia nzi na kuruhusu mvuke kutoka. Kinunue, ni rahisi na kinapendeza mezani. Vitunguu na viazi viweke katika kikapu. Dagaa wape kopo lao la peke yao, au sukari yako itanuka ziwa.

Nguo za baridi ulizotoka nazo Nairobi zisikae ndani ya plastiki, zitaota ukungu. Zikiwa kwenye tranka, ziinue juu ya matofali, uzianike mara kwa mara. Upepo wa bahari hula bati.

Yote haya utayapata sokoni. Chombo kimoja, hata hivyo, huenda kikaja chenyewe. Katika wiki zako za kwanza, hasa ukiwa umehamia wakati wa Ramadhani, jirani aweza kumtuma mtoto na bakuli lililofunikwa, ndani yake muhogo wa nazi au maharagwe. Kula, shukuru, lioshe. Lakini pwani, bakuli la jirani halirudishwi tupu. Tia ndani chapati zako mbili, au maembe, au hata sukari kidogo. Kabatini kwako huenda kukawa na makopo machache bado, lakini tayari utakuwa na mtu wa kukuonyesha duka la kununua mengine.