Mandvi, Jirani wa Ng'ambo

Nilipokuwa shuleni Mombasa nilimwambia mwenzangu mmoja arudi kwao India, kwani babu zake waliletwa na reli. Nilikosea. Wazee wake walitoka Mandvi, bandari ya Kutch katika jimbo la Gujarat, pale Mto Rukmavati unapoingia baharini. Mji huo ulianzishwa karne ya 16. Majahazi yake yalikuja pwani yetu kwa kaskazi yakiwa na nguo, yakarudi kwa kusi na pembe za ndovu, zamani kabla reli haijaanza kujengwa mwaka 1896. Hadi leo mafundi wangali wakiunda vyombo vya mbao kando ya mto huo. Mwenzangu hatukuonana tena; radhi naiomba hapa. Nawe, kabla hujamwita jirani yako mgeni, muulize wazee wake walikuja lini.