Pale ni Mbuga

Mwezi Oktoba mwaka jana nilisimama ndani ya darasa ambalo nililichangia fedha, nikaingiza kiganja changu chote katika ufa wa ukuta wake. Ufa huo ulianzia chini ya dirisha, ukapanda kwa mshazari hadi kwenye lenta, na kupitia kwake niliweza kuwaona mbuzi wakila mabua nje. Jengo lilikuwa na umri wa miaka miwili. Mwalimu mkuu alilazimika kunifungulia kufuli, maana wakaguzi walikuwa wamekwisha kulipiga marufuku, na watoto waliojengewa walikuwa wakisoma kwa zamu katika majengo ya zamani, wengine asubuhi, wengine mchana.

Kijiji hicho ndicho kwetu, katika mkoa wa Shinyanga. Wananchi walifyatua matofali, wakasomba mchanga na maji. Sisi tunaoishi mijini tukatuma fedha za saruji na mabati kwa njia ya simu. Hakuna aliyeiba. Nalisema hili mapema kwa sababu msomaji wa ukurasa huu amezoea kukutana na habari za fedha zilizoliwa, naye angeweza kudhani kuwa anaijua hadithi hii kabla sijaimaliza. Saruji ilitosha, nondo ziliwekwa, fundi hakuwa mlevi. Kilichokosekana ni swali moja, nami ni miongoni mwa waliokataa kulisikia lilipoletwa mbele yao.

Aliyelileta ni mama yangu. Alinipigia simu kabla msingi haujachimbwa, akaniambia, "Mwanangu, pale wanapotaka kujenga ni mbuga." Nikamjibu, "Mayu," kama tunavyowaita mama zetu kwetu, "ramani imeshapitishwa, wataalamu wameshapima." Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza habari za wajukuu wake. Nilikuwa na haraka ya kuingia darasani, na somo la siku ile, nakiri kwa aibu, lilikuwa ushirikishwaji wa wananchi katika maendeleo.

Mimi si mtaalamu wa udongo. Shahada yangu ya uzamivu ni ya sera za maendeleo vijijini. Lakini nilikulia juu ya udongo ule, nikachunga ng'ombe juu yake, na zaidi ya mara moja nikaacha ndala zangu ndani ya tope lake. Baada ya kuuona ule ufa, nilirudi chuoni nikawaendea wenzangu wanaofundisha kilimo, nikawaomba wanieleze kile ambacho mama alikisema kwa neno moja.

Kwa Kiswahili cha kila siku, neno mbuga hutukumbusha wanyamapori na watalii. Kwa mkulima wa Usukuma ni jina la udongo: ule mweusi au wa kijivu kilichokolea, unaokaa mabondeni na kwenye tambarare, unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Wanasayansi huuita Vertisoli, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugeuza. Ili udongo upewe jina hilo, sharti uwe na mfinyanzi usiopungua asilimia 30, uwe na nyufa zinazofunguka na kujifunga kwa kufuata majira, na ndani yake zionekane nyuso laini zenye mng'ao, alama ya mabonge yaliyosuguana yakisukumana. Weusi wake nao hudanganya. Wengi hudhani ni dalili ya mboji tele, ilhali mboji yake mara nyingi ni kidogo. Ni vile tu ilivyochanganyika na mfinyanzi ndivyo vinavyoupa rangi ile nzito.

Kiini cha tabia yake ni madini ya mfinyanzi ya jamii ya smektaiti. Chembe zake zimepangwa kama kurasa za kitabu, na maji hupenya katikati ya kurasa hizo na kuzitanua. Maji yakiondoka, kurasa hubanana, udongo husinyaa na kupasuka, na nyufa zinaweza kushuka hadi mita moja na zaidi. Udongo wa juu uliopondeka huanguka ndani ya nyufa hizo. Mvua ikirudi, tabaka za chini huvimba, hukosa nafasi, na husukuma juu na pembeni. Kwa njia hiyo udongo hujigeuza wenyewe mwaka hata mwaka bila jembe. Nguzo za uzio huinama, mabomba hukatika, barabara hufanya mawimbi. Chini ya sakafu ya jengo udongo hubaki na unyevu wakati ule wa pembezoni unakauka, na ukuta uliowekwa juu ya msingi mfupi hunyanyuliwa upande mmoja huku upande mwingine ukikosa pa kukalia. Huo ndio ufa nilioingiza mkono.

Lakini funzo lililonigusa zaidi lilihusu maji. Hesabu ya maji ya udongo hufanana na hesabu ya kaya: kilichoingia hulingana na kilichotoka pamoja na badiliko la akiba. Kinachoingia ni mvua. Kinachotoka ni maji yanayotiririka juu ya ardhi, yanayozama chini kupita mizizi, yanayovukizwa na jua, na yanayonywewa na mimea. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo mvua moja ya milimita 40 huleta lita 400,000 katika hekta moja. Huko kwetu mvua ya mwaka mzima kwa kawaida huwa kati ya milimita 600 na 900, na jua letu lina uwezo wa kuvukiza zaidi ya hayo kwa mbali. Kwa hiyo haitoshi kuuliza mvua imenyesha kiasi gani. Ni lazima tuulize imekwenda wapi.

Juu ya mbuga, mvua za kwanza huzama upesi kwa kuwa hupitia kwenye nyufa. Baada ya siku chache udongo huvimba na nyufa hujifunga. Kuanzia hapo maji yanayoingia huwa machache mno. Mengine husimama juu au hutiririka. Mahindi yaliyokuwa na kiu wiki iliyotangulia sasa hukosa hewa mizizini na kugeuka njano. Kisha mvua ikikatika kwa wiki kadhaa, hutokea jambo ambalo nikiwa mtoto nililiona bila kulielewa: mahindi hunyauka juu ya udongo ambao ukiushika bado una unyevu. Sababu ni kwamba mfinyanzi hushika maji kwa nguvu inayozidi uwezo wa mizizi kuyavuta. Mmea unapofikia kunyauka kabisa, udongo mzito wa mfinyanzi unaweza kuwa bado na maji yapatayo robo ya ujazo wake, ilhali mchanga hubakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi. Maji yapo, lakini hayapatikani. Watumishi wa umma waliowahi kusubiri fungu lililoidhinishwa kwenye bajeti lisifike kwenye halmashauri hawatahitaji mfano mwingine.

Kusema hivyo si kuulaani udongo huu. Una kalsiamu na magnesiamu kwa wingi, na walioishi nao kwa muda mrefu wanajua kwenda na tabia zake. Wakulima wa Usukuma hutengeneza majaruba, mashamba yaliyozungushiwa kingo za udongo, yakakusanya maji yanayoshuka kutoka miinukoni. Na katika maji hayo yasiyozama hupanda mpunga. Mvua zinapokwisha hupanda dengu, zao linalojua kuishi kwa unyevu uliobaki ardhini. Huko India na Ethiopia, wakulima wa udongo wa aina hii hutumia matuta mapana yenye mifereji katikati, ili maji ya ziada yaondoke na mizizi ipate hewa. Maji yaleyale yanayoua mahindi hulea mpunga. Udongo haujakosa, aliyekosa ni yule anayeutaka uwe kitu kingine.

Hapa ndipo suala la majina linapoingia. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mwanasayansi wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, alipendekeza kwamba udongo wa Afrika Mashariki uainishwe kwa kufuata mteremko. Aliona kuwa kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, aina za udongo hufuatana kwa mpangilio unaojirudia kilima baada ya kilima, kwa sababu maji huhamisha chembe na chumvi kutoka juu na kuzilimbikiza chini. Mfuatano huo aliuita katena, yaani mnyororo kwa Kilatini, na dhana hiyo leo hufundishwa duniani kote.

Wasukuma walikuwa tayari na majina ya pingili za mnyororo huo. Jirani na majabali ya mlimani ni luseni, udongo wa kichanga, mwepesi kwa jembe, unaofaa mihogo na karanga. Chini yake ni itogolo, wenye tabaka gumu linalozuia maji yasishuke. Pembezoni mwa bonde kuna ibushi, wenye chokaa. Bondeni ni mbuga. Kila jina limebeba ndani yake rangi, tabia ya maji, zao linalofaa na jasho la mlimaji. Uainishaji wa kimataifa unahitaji maabara na futikamba. Ule wa mama yangu ulihitaji maisha ya kulima. Kuhusu kiwanja kile vingetoa jibu moja. Fomu ya mradi niliyoonyeshwa baadaye, hata hivyo, ilikuwa na nafasi ya jina la kata, idadi ya wanafunzi, makisio ya gharama na mihuri mitatu. Haikuwa na nafasi ya udongo kwa jina lolote lile.

Nchi yetu imewahi kuona gharama ya kutouliza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha katika Tanganyika mradi mkubwa wa karanga, na Kongwa ikawa kitovu chake cha kwanza. Udongo wa pale si mbuga. Lakini una mfinyanzi unaoshikamana wakati wa kiangazi hadi kuwa mgumu kama tofali. Mashine ziliharibika, karanga zikawa taabu kung'oka ardhini, na mvua haba ikazidisha hasara. Mradi ulipoachwa mwaka 1951 ulikuwa umegharimu takriban pauni milioni 36.

Ni rahisi kuwacheka wakoloni wale. Lakini sisi tulichagua kiwanja chetu kwa sababu kilikuwa tambarare, kiko karibu na barabara, na hakikuwa na mtu wa kulipwa fidia. Mbuga ile ilikuwa wazi kwa kuwa vizazi kwa vizazi hakuna aliyethubutu kujenga juu yake. Uwazi huo ulikuwa taarifa. Sisi tukauona kuwa ni bahati.

Ninayoyapendekeza ni madogo, na ndiyo maana sioni udhuru wa kutoyafanya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zimekwisha kuipa serikali ya kijiji nafasi ya kupanga ardhi yake. Basi kabla ramani yoyote haijapitishwa, jina la udongo wa kiwanja, kwa lugha ya wenyeji, liandikwe katika muhtasari wa kikao. Lichimbwe shimo la mita moja na nusu. Ni kazi ya watu wawili kwa kutwa moja. Ikiwa mbuga haiepukiki, gharama yake iingizwe katika makisio tangu mwanzo: kuondoa udongo mweusi na kujaza kifusi kilichoshindiliwa, msingi wenye kina na nondo za kutosha, na mifereji ya kuyapeleka maji mbali na ukuta. Nanyi wanafunzi mtakaokwenda vijijini na madodoso yenu, ulizeni ardhi mnayoikanyaga inaitwaje kabla hamjauliza inamilikiwa na nani.

Mwezi Desemba nilirudi nyumbani. Kamati ya shule ilimwomba mama yangu na wazee wengine watembee nayo. Alitupandisha mteremko hadi kwenye luseni, mahali penye shamba la mihogo la familia moja ambayo safari hii italipwa fidia. Nimeahidi kuchangia sehemu yake. Aliomba jembe, akachimba kidogo, akamwagia maji kutoka kwenye kopo. Yalizama tukiwa bado tunayatazama. Hakunikumbusha ile simu. Tulipokuwa tukishuka aliniuliza tu kama safari hii nina muda wa kukaa.