Aliyewahi Kusimama Golini



Leo naandika habari ya mpira, na mama zangu wa maombi ya alfajiri wanisamehe. Nakuomba usome mpaka mwisho, maana mwisho wake kuna jambo linalonihusu mimi na kanisa letu, nami nimelibeba moyoni tangu Pasaka.

Ukiwauliza wazee wa hapa Changamwe kipa bora waliyewahi kumwona, wengi watakutajia Mahmoud Abbas kabla hujamaliza swali. Mtoto wa Mombasa, kipa wa AFC Leopards, yule waliyemwita Kenya One. Harambee Stars walichukua Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati miaka mitatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, naye alikuwa golini. Baadaye alihamia Oman, kama ndugu zetu wengi wa Pwani. Sisi tuliokuja nyuma tulikua tukitaniwa kwa jina lake. Ukidaka vizuri kiwanjani unaitwa Abbas. Ukifungwa bao la kizembe unaulizwa, "Na wewe ndiye Abbas?"

Lakini mtu ninayetaka kukueleza leo ni mwingine, James Siang'a. Huenda humjui. Siang'a alikuwa kipa wa Gor Mahia, na alikuwamo katika kikosi cha kwanza kabisa cha Kenya kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Cameroon mwaka 1972. Kenya ilifungwa na wenyeji 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Mali, na sare ya 1-1 na Togo. Kisha tukarudi nyumbani. Haikuwa aibu, lakini hakuna aliyejengewa sanamu.

Alipoacha kudaka akawa kocha. Akavuka mpaka, akafundisha Simba ya Dar es Salaam, na Tanzania wakamwamini hata wakampa Taifa Stars. Mkenya, fikiria! Mwaka 2003 Simba ikapangiwa Zamalek ya Misri katika Ligi ya Mabingwa Afrika, na Zamalek ndio waliokuwa wamelishika kombe hilo. Dar es Salaam Simba wakashinda 1-0. Cairo wakafungwa 1-0. Mambo yakawa sawa, ikabidi penalti.

Hapo nataka usimame nami kidogo. Penalti hupigwa kutoka mita 11. Lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na katikati yake yumo mtu mmoja. Kipa wa Simba usiku ule alikuwa Juma Kaseja, kijana mdogo bado, uwanja mzima wa Cairo ukimzomea. Na kwenye benchi ameketi kocha ambaye naye aliwahi kusimama palepale. Kocha haruhusiwi kugusa mpira. Hawezi kumwingilia kijana mwilini akaruka kwa niaba yake. Kazi yake ilikwisha mazoezini, na sasa anatazama tu.

Simba wakashinda 3-2 kwa penalti. Mabingwa wa Afrika nje, Simba ndani ya hatua ya makundi. Mimi wakati huo nilikuwa chuo cha Biblia, nimekuja likizo, na habari zile nilizisikia kwenye redio ya kinyozi kule Likoni. Kinyozi akaacha kichwa changu nusu, akatoka nje kuwatangazia watu wa kivuko. Nilikaa pale kama mtu aliyeugua mashilingi. Watu wote walikuwa wakizungumza mikono ya Kaseja. Siang'a hakutajwa na mtu pale kibandani, nami sikumtaja, ijapokuwa mimi ndiye niliyepaswa kumtaja. Nitakueleza kwa nini.

Nilipokuwa kijana nilikuwa kipa. Wengi wenu hamjui hilo, na mwili huu wa sasa hausaidii kuthibitisha. Nilidakia timu ya mtaa huku Chaani, magoli yetu ya miti ya boriti, wavu hakuna. Kocha wetu tulimwita Mwalimu. Alikuwa mtu mzima, mfanyakazi wa bandarini, na ujanani alikuwa kipa wa timu za kazini. Hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa Mwislamu, mtu wa msikiti hasa.

Tulikuwa na mechi na vijana wa Mikindani. Dakika za mwisho, 0-0, mpira ukaja polepole, mpira ambao mtoto wa darasa la tatu angeuokota. Ukapita katikati ya miguu yangu. Nilisikia kicheko cha watu kabla sijageuka kuuona ulipo. Wenzangu hawakunisemesha njia nzima ya kurudi. Mmoja alinitemea mate miguuni. Wala simlaumu, alikuwa amekimbia dakika tisini, na mimi katika mchezo mzima nilikuwa nimeguswa na mpira mara saba au nane.

Ndiyo kazi ya kipa hiyo. Mshambuliaji akikosa mara tano akafunga moja, ni shujaa. Kipa akidaka tano akakosa moja, anakumbukwa kwa ile moja. Jambo hili liliwapata hata wakubwa. Dino Zoff wa Italia alilaumiwa Kombe la Dunia la 1978 kwa mabao ya mbali ya Waholanzi, watu wakasema amezeeka, macho yamekwisha. Kocha wake, Enzo Bearzot, akamwacha golini. Mwaka 1982, akiwa na miaka 40, Zoff alinyanyua Kombe la Dunia akiwa nahodha. Naye baadaye akawa kocha, akaifikisha Italia fainali ya Ulaya mwaka 2000, wakabakiza sekunde chache tu kushinda, Ufaransa wakasawazisha na kisha wakashinda. Mwanasiasa mkubwa wa nchi yake, Silvio Berlusconi, akamlaumu hadharani. Zoff akajiuzulu. Mtu aliyevumilia miaka mingi ya mabao aliondoka kwa maneno ya siku moja.

Basi turudi Chaani. Mwalimu hakuniambia kitu siku ile. Hakunitetea, hakunigombeza. Kesho yake, giza bado, nasikia mtu anagonga dirisha. Ni yeye, katoka swala ya alfajiri, kanzu bado mwilini, mpira kwapani. Twende. Tukaenda kiwanjani wawili tu. Akanitupia mipira ya chini, mipira ya polepole kama ule ulionipita, mmoja baada ya mwingine, mpaka jua likatoka na mikono ikawa mizito. Hakuniuliza hata mara moja, "Ilikuwaje?" Kila nikidaka anasema, "Goti chini." Nikikosa anasema, "Goti chini." Sauti ni ileile. Mechi iliyofuata akanipanga golini, na waliolalamika akawaambia wakatafute timu nyingine.

Nimeokoka miaka mingi baada ya hapo, nimesoma Biblia kwa walimu wenye shahada, lakini somo la kwanza la kurejeshwa mtu nililipata kwa mzee yule mwenye kanzu yenye vumbi.

Sasa soma nami Matendo ya Mitume sura ya 13. Paulo na Barnaba wako safarini na kijana anaitwa Yohana Marko. Wakifika Perge ya Pamfilia, Marko anawaacha, anarudi Yerusalemu. Biblia haisemi sababu. Sura ya 15, safari ya pili, Barnaba anataka kumchukua tena. Paulo anakataa kabisa. Ugomvi ukawa mkali hata mitume hawa wawili wakatengana, Barnaba akamchukua Marko wakapanda chombo kwenda Kipro.

Nimelihubiri fungu hili mara nyingi, na kwa kweli huwa namwonea Paulo huruma. Kazi ni ngumu, unahitaji watu wa kutegemewa. Lakini rudi nyuma sura ya 9. Paulo mwenyewe alipofika Yerusalemu, wanafunzi wote walimwogopa. Aliyemshika mkono akampeleka kwa mitume ni nani? Barnaba. Paulo alikuwa amegongewa dirisha naye. Kisha zamu ya Marko ilipofika, akasahau.

Na mwisho wa maisha yake, katika barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 4, yuko kifungoni, anaomba aletewe Marko, maana anamfaa kwa kazi. Ilichukua miaka. Nafikiri Barnaba alikuwa bado anamtupia mipira ya chini huko Kipro.

Haya. Sasa jambo langu.

Mnakumbuka mkutano wetu wa Pasaka kule Magongo. Jumamosi usiku, niko katikati ya mwito wa kuokoka, watu wanaanza kusogea mbele, mara jenereta likazima. Giza. Maiki kimya. Watoto wakaanza kulia, waliokuwa wakija mbele wakasimama, wengine wakageuka. Kijana wetu wa mitambo akashika mtungi, akarukia bodaboda, akaenda kutafuta petroli. Ilikuwa kama dakika 25. Aliporudi akawasha, taa zikarudi, sauti ikarudi. Nami nikaichukua maiki ileile aliyoirudisha yeye, nikamtaja mbele ya watu wote, wageni na wenyeji, nikasema kwamba roho zimepotea usiku huu kwa sababu ya uzembe wa mtu mmoja. Wengine mlisema "Amina." Siwalaumu. Nilikuwa nimeisema kwa sauti ya kuitikiwa Amina.

Kijana huyu ameshughulikia mitambo yetu miaka minne. Ibada zote, mikesha, mazishi, harusi. Niambie ni lini ulimwona. Mtu wa mitambo huonekana siku sauti inapokatika.

Jumanne yake nilikuwa natafuta risiti kwenye simu. Nikakuta ujumbe wake wa Ijumaa asubuhi: "Pasta, petroli iliyopo inatufikisha leo tu. Tupate ya kesho." Tiki mbili za buluu. Niliusoma. Nilikuwa na wageni, nikajiambia nitajibu baadaye, na baadaye sikujibu. Jumamosi jioni alitumia fedha zake kuongeza lita chache, ndizo zilizotufikisha mpaka kwenye mwito. Hilo nimeambiwa na mama yake, si yeye.

Kwa hiyo bao lile lilikuwa langu. Mpira ulipita katikati ya miguu yangu mimi, nikamnyooshea kidole mtu mwingine, tena ndani ya nyumba ya Bwana.

Nilikwenda kwao. Alinipokea vizuri, akanikaribisha chai, akasema, "Hamna neno, Pasta." Niliomba msamaha, akasema amesamehe, nami naamini amesamehe. Lakini Jumapili hakuja. Wala iliyofuata. Nilikaa nikijiuliza kwa nini, mpaka nilipokumbuka kicheko kile cha Mikindani. Msamaha wangu niliuomba sebuleni, watu watatu tukisikia. Aibu niliyompa niliitoa kwa spika nne kubwa. Havilingani.

Ndiyo maana naandika hapa, ambapo nyote mnasoma, na wale wageni wa Magongo waliojiunga na ukurasa huu pia. Yule kijana hakuwa mzembe. Aliniarifu siku moja kabla. Mzembe nilikuwa mimi, mchungaji wenu. Jumapili nitalisema tena madhabahuni, kwa maiki.

Siang'a alifariki mwaka 2016. Kaseja, kijana wa Cairo, aliidakia Tanzania kwa miaka, na leo naye ni kocha. Mwalimu wangu amelazwa makaburini muda mrefu sasa, na sikumshukuru ipasavyo, nilidhani nina wakati.

Nakuomba neno moja, wewe unayemjua kijana wetu. Usimjazie simu kwa "tumekukosa" na "mbona umepotea". Usimpeleke mistari ya kumwambia asirudi nyuma. Akija, mwachie njia mpaka kwenye meza yake ya mitambo, msalimie kama ulivyomsalimia siku zote, basi. Mimi kesho alfajiri nitapita kwao kabla hajaenda kazini. Sina mpira wa kumtupia, lakini kuna zile spika mbili za kushoto zinazokoroma, na mtu anayezijua ni yeye peke yake. Nitamwomba anifundishe, nami nitazibeba.

Petroli ya Jumapili nimenunua jana mwenyewe. Lita 20, iko stoo, na ufunguo nimempelekea mama yake.