Chukua Tatu Ulipe Mbili, au Niongezee Basi?

Rafu za supamaketi hapa Uingereza zimejaa ofa: cha pili nusu bei, chukua tatu ulipe mbili, asilimia 50 zaidi bure. Ukizipita haraka utadhani zote ni sawa. Shika kalamu. Cha pili nusu bei ni punguzo la robo tu. Tatu kwa bei ya mbili ni theluthi. Na hiyo asilimia 50 zaidi, inayong'ara kuliko zote, nayo ni theluthi ileile, kwa sababu unabeba gramu 150 kwa hela ya 100. Watafiti waliochapisha katika Journal of Marketing mwaka 2012 walionyesha kwamba wateja hupenda kuongezewa kuliko kupunguziwa, hata pale hesabu inapolingana.

Hilo halikunishangaza. Nimekulia Dar, na sokoni Ilala hakuna aondokaye bila kuomba nyongeza.

"Mama, niongezee basi."

"Mwanangu, hapo nimekupa bei ya kufungulia biashara!" Huku analalamika, mkono umeshatupia nyanya mbili juu ya fungu.

Nyongeza hii haikudai ununue fungu la pili, wala haikukuuliza namba ya simu. Huku Uingereza bei nzuri imefungiwa kwenye kadi. Tesco walianzisha Clubcard mwaka 1995, na tangu 2019 wana bei maalumu za wenye kadi. Usipokuwa nayo unalipa ile kubwa. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilichunguza bei za kadi za maduka mbalimbali mwaka 2024 ikakuta karibu zote ni punguzo la kweli, ila ikaonya kwamba duka la jirani laweza kuwa rahisi zaidi bila kadi yoyote.

Lakini tusijisifu sana. Fungu halina mizani. Nyanya za juu zinang'aa, za chini zimebonyea, na nyongeza humfuata mwenye ulimi na mazoea. Mtoto aliyetumwa anarudi na fungu kavu. Hapo ndipo ninapoihusudu lebo ya huku: chini ya bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuna maandishi madogo yanayotaja bei kwa gramu 100 au kwa kilo. (Nimewahi kukuta pakiti moja wameipigia hesabu kwa gramu, ya pembeni kwa kilo, nikabaki nakuna kichwa.) Maandishi hayo ndiyo yanayokuonyesha kama pakiti kubwa ni nafuu kweli.

Kwa Mangi, duka la mtaani kwetu Dar, hakuna lebo hiyo, na anayenunua mafuta ya kupima ya buku, yaani shilingi elfu moja, mara nyingi analipa ghali zaidi kwa lita kuliko mwenye uwezo wa kubeba dumu. Tatu kwa mbili nayo ina ubaguzi huohuo: punguzo linamwendea mwenye hela ya tatu, na mwenye friji ya kuziweka.

Ofa ninayoiamini ni kibandiko cha njano. Jioni mfanyakazi anapita na mashine yake, anashusha bei ya mkate au kuku anayekaribia tarehe ya mwisho, na mmoja unakutosha. Tofauti yake na mchicha wa saa kumi na mbili jioni pale Ilala ni kwamba kibandiko hakibembelezeki. Muuza mchicha anataka kurudi nyumbani, na wewe unajua.